Joho la Masanja

Nyantakara, Jumamosi mchana

Mwanangu Leokadia,

Nakuandikia nikiwa darasa la nne, kwenye dawati la mbele, maana nyumbani hakuna pa kukaa. Mama yako ametandaza nguo zako sebule nzima. Bibi yuko kwenye kiti chake, mguu juu ya kigoda, na kila nikipita ananiuliza kama nimekwisha kukupa maneno ya safari. Leo asubuhi nilimjibu, "Bado, Mama." Akasema, "Wewe Deo tangu utoto huna maneno. Basi andika, si ndiyo kazi yako?" Nikachukua daftari, nikaja huku.

Habari za chandarua, za kufunga begi kwa kufuli na za kutokula cha mtu usiyemjua kwenye basi, sizirudii. Mama yako amekwisha kuzisema mara tatu. Wala sikwambii usome kwa bidii. Wewe ulikuwa unasoma mpaka magazeti ya kufungia maandazi, unayakunjua na mafuta yake. Nina jambo moja tu, na lazima ulijue kabla ya kesho asubuhi, kabla watu wa jumuiya ya kanisa hawajaja kukuombea.

Jumatatu ulinituma nikutolee kopi ya maelekezo ya kujiunga na chuo. Mama mwenye steshenari aliitazama karatasi ikitoka kwenye mashine. Akaisoma, kama anavyosoma za watu wote.

"Mwalimu, mbona hapa wameandika sayansi ya udongo? Si kanisani tuliambiwa udaktari?"

Nilijifanya nahesabu chenji. Nikamjibu, "Wanaanza na udongo."

"Ehee! Ndiyo maana wagonjwa wao wanaishia huko huko."

Akacheka sana, na mimi nikacheka. Nilitoka pale na kopi zako kwapani, nikatembea hadi kwenye daraja ndipo nikazisoma. Jina lako, namba yako, shahada ya sayansi ya udongo, miaka mitatu. Nilisimama pale mpaka mwenye punda mmoja akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Leokadia, sikuandikii kukugombeza. Wewe hukusema uongo, nilikuwapo, najua. Jumapili ile baada ya matangazo Bibi alisimama na fimbo yake, akasema mjukuu wake amechaguliwa chuo kikuu kusomea udaktari, watu wakapiga vigelegele, na wewe ukatazama viatu vyako. Ni hivyo tu. Ulitazama viatu, na vigelegele vilipoisha jambo likawa limekwisha kuwa kweli. Ninajua kutazama viatu kwa namna ile. Umerithi kwangu.

Na lingekuwa jambo la vigelegele tu, huenda ningekuacha ulimalize mwenyewe kwa wakati wako. Lakini kuna mguu wa Bibi. Kile kidonda kina miezi minne sasa. Muuguzi wa zahanati alimwandikia karatasi ya rufaa aende hospitali Rulenge, na wewe mwenyewe ulikuwapo Bibi alipoikunja mara nne akaiweka ndani ya Biblia. "Daktari wangu yuko njiani," alisema. "Miaka mitano nini? Nimengoja mvua nyingi. Nitamngoja na huyu." Wote tulicheka. Wewe ulicheka pia, kisha ukabeba ndoo ukaenda kuchota maji, na pipa lilikuwa limejaa.

Niliiona ile ndoo. Siku ile sikuelewa. Baada ya ile karatasi ya steshenari nimeelewa.

Sasa nisikilize mimi.

Juu ya kiti cha Bibi kuna picha yangu. Umekua ukiitazama. Nimevaa joho jeusi na kofia, nimeshika karatasi iliyoviringishwa, na nyuma yangu kuna ukuta wa ukumbi wa chuo. Ulipokuwa na miaka sita uliniuliza kwa nini sitabasamu, nikakwambia jua lilikuwa linanichoma. Wageni wakija Bibi huwaelekeza kwa fimbo: "Huyo ndiye wangu." Na watu wa hapa wananiheshimu kwa jambo ambalo linanikosesha raha kila wanapolisema, kwamba mtu mwenye digrii amekubali kufundisha shule ya msingi kwa unyenyekevu.

Joho lile lilikuwa la Masanja. Karatasi iliyoviringishwa ilikuwa ratiba ya basi. Mimi sina digrii, Leokadia. Nilimaliza mwaka mmoja tu.

Nimeandika sentensi hiyo nikaenda kusimama dirishani. Nimerudi. Naendelea.

Tulikuwa tunaishi Nemba wakati huo, na mimi nilikuwa wa kwanza wa kigango chetu kwenda chuo kikuu. Siku ya kwanza kwenye ukumbi wa mihadhara tulikuwa wengi kuliko mnada wa ng'ombe. Wengine walikaa kwenye ngazi, wengine walisimama nje madirishani, na mhadhiri kule mbele alionekana mdogo kama kuku. Nilifurahi. Nilidhani kwenye watu wengi kiasi kile hakuna atakayeniuliza kitu. Maktaba ilikuwa na ghorofa, na mimi niliyekuwa nimesoma vitabu vyote vya padre mara mbili mbili nilizunguka kwenye rafu kwa wiki nzima bila kuazima hata kimoja, kwa sababu sikujua utaratibu na nilikuwa naona haya kumuuliza mtu wa mezani. Kumbe fomu zilikuwa pale pale mezani kwake.

Masanja tulikutana kwenye vimbweta, zile meza na mabenchi ya zege yaliyo chini ya miti ambako wanafunzi husomea. Ni Msukuma, wazazi wake walihamia Biharamulo na ng'ombe kutoka Shinyanga. Mimi namba zilikuwa zinanipenda, yeye watu walikuwa wanampenda. Nilimfundisha hesabu, yeye akanifundisha kuagiza chakula kafeteria bila kunong'ona. "Bhebhe Deo," aliniita kwa Kisukuma chake, yaani wewe Deo, "yule mama hauzi siri, anauza wali. Paza sauti!"

Kulikuwa na somo moja, Stadi za Mawasiliano, la lazima kwa wote. Alama za kazi za muhula zilitokana na kusimama mbele ya semina dakika kumi na kueleza mada. Jina langu lilipofika nilikuwa chooni. Nilikaa humo mpaka nikasikia viti vikiburutwa, wanatoka. Mwalimu wa semina aliniandikia sifuri, na mimi sikwenda ofisini kwake kusema neno lolote. Mlango wake ulikuwa na saa za kuonana na wanafunzi, zimebandikwa. Nilizisoma mara nyingi. Nakumbuka hadi leo: Jumanne na Alhamisi, saa nane hadi saa kumi.

Basi likizo ndefu ilifika, nikarudi Nemba kuvuna maharage. Matokeo yalibandikwa ubaoni chuoni nikiwa nyumbani. Masanja alikuwa amebaki kule, akaniandikia barua, akampa kondakta wa basi aiache Biharamulo mjini, na ikanifikia. Alisema nina sapu mbili, yaani mitihani miwili ya marudio. Stadi za Mawasiliano, Jumatatu. Hesabu za aljebra, Alhamisi; huko hesabu nilizijua, ila nilikwepa kazi zote za ubaoni. Aliandika chini kwa herufi kubwa: SAPU SI MSIBA. NJOO MAPEMA.

Nilikuwa na wiki tatu. Lakini barua ile iliingia nyumbani siku ambayo Bibi alitoka kwa padre, ameomba misa ya shukrani kwa ajili yangu, kwa kuwa nimefaulu mwaka wa kwanza. Mimi sikuwa nimesema nimefaulu. Nilikuwa nimerudi na shati jipya, basi, akajua nimefaulu. Padre alikuwa anafika kigango kwetu mara moja kwa mwezi, na siku yake iliangukia Jumapili, mkesha wa mtihani wangu. Safari ya chuo ni siku mbili.

Unaona jambo lilivyokuwa jepesi? Ningesema, "Mama, nina mitihani ya marudio, misa tuisogeze." Maneno hayafiki kumi. Niliyabeba wiki tatu nzima shambani. Ndizi zilivundikwa, pombe ikakamuliwa, majirani wakaleta mbuzi, na kila kilicholetwa kilifanya yale maneno yawe magumu zaidi kuliko jana yake. Jumamosi ilikuwa siku ya mwisho ya kuondoka. Nilifunga begi. Bibi aliliona akauliza, "Unapanga mapema hivyo?" Nikasema, "Ndiyo, Mama." Nikalifungua tena.

Jumapili nilipiga magoti mbele ya altare, padre ameweka mkono juu ya kichwa changu, watu wanamshukuru Mungu kwa kufaulu kwangu, na mimi nahesabu saa. Nilikosa mtihani wa kurudia kwa sababu nilikuwa kwenye misa ya shukrani ya kufaulu. Nimewahi kutafuta mtu mwingine aliyefanya upumbavu wa namna hiyo nimpe mkono. Sijampata.

Nilifika chuoni Jumanne jioni. Alhamisi nikafanya aljebra, na nikaipasua. Ile ya Jumatatu waliandika sikufika, bila sababu. Kwa kanuni za wakati wetu hiyo ilitosha: nilidisko, ndivyo wanafunzi wanavyosema, yaani niliondolewa masomoni. Lakini kanuni zilezile ziliruhusu mtu kukata rufaa ndani ya siku chache. Masanja aliisoma ile kanuni kwa sauti, akanivuta mkono.

"Twende kwa mkuu wa kitivo. Mimi nitasema. Wewe kazi yako kusimama tu, ufanane na mtu mwenye matatizo. Hiyo unaiweza."

Tulifika. Katibu akatuambia tukae kwenye benchi, mkuu ana mgeni. Masanja akaenda kunywa maji bombani. Nilikaa kwenye benchi lile labda dakika kumi. Ndani nilisikia mtu anacheka, na nikafikiria nitaulizwa, "Ulikuwa wapi Jumatatu?" na mimi nitasema nini, kanisani nashukuru? Masanja aliporudi alikuta benchi tupu. Alinitafuta mpaka jioni. Siku za rufaa zikapita.

Najua unajiuliza kwa nini sikurudi nyumbani. Nyumbani pombe ya sherehe yangu ilikuwa haijaisha! Nilibaki. Masanja alikuwa na kitanda hosteli, akanibeba, ndivyo wanavyoita kulala wawili kwenye kitanda cha mwenye haki ya chumba. Nililala upande wa ukutani miaka miwili. Na kila asubuhi, Leokadia, niliamka, nikachukua daftari, nikaenda darasani.

Mihadhara yote ya mwaka wa pili niliingia, na mingi ya mwaka wa tatu. Karatasi ya mahudhurio ilipita mikononi mwangu, mimi naisukuma kwa jirani. Nilifundisha watu hesabu kwenye vimbweta, wakanilipa wali na maharage, wakafaulu, wakanisahau. Hakuna aliyejua kuwa mimi si mwanafunzi isipokuwa Masanja na ubao wa matangazo. Siku moja mwalimu mpya wa semina alinyoosha kidole: "Wewe wa nyuma, njoo umalizie hili." Nikaenda. Nikalimaliza, na nikaonyesha njia ya pili iliyo fupi. Darasa likapiga makofi. Mwalimu akafungua daftari lake akasema, "Safi sana. Namba yako ya usajili?"

Nikampa ya Masanja.

Jioni Masanja alicheka hadi akakaa chini. "Leo nimefaulu nikiwa nimelala! Deo, kesho nifaulie na fizikia." Kisha akaacha kucheka. Alinitazama akasema polepole, "Ndugu yangu, wewe unaogopa kuonekana kuliko unavyoogopa kuharibikiwa." Kwenye semina ile sikurudi tena.

Siku ya mahafali yao nilisimama nje ya uzio pamoja na wauza maua. Masanja alipotoka alivua joho akanivika, kwa mzaha, maana aliona macho yangu. Mpiga picha alikuwa pale pale. Bibi alikuwa amenitumia salamu mara tatu akiomba picha. Huo ndio mwanzo na mwisho wake. Nilirudi, nikasema nakwenda kuongeza ualimu, nikaingia chuo cha ualimu ngazi ya cheti, cheti ambacho ni changu kweli na ambacho sijawahi kukionyesha mtu. Kiko chini ya sanduku la mbegu.

Mama yako nilimwambia kabla ya kumuoa. Alisema, "Hilo ni kati yako na mama yako. Lakini siku litakapomgusa mtoto wangu, halitakuwa kati yenu tena." Jumatatu nilipomwonyesha kopi zako hakushangaa. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua hata kichwa.

"Baba Leokadia, siku yenyewe ndiyo hii."

"Nitamwambia taratibu."

"Taratibu umeanza lini? Mguu wa mama yako hauna taratibu. Utamwambia mtoto, au nitamwambia mimi na picha nikiwa nimeishika mkononi."

Kwa hiyo usifikiri ni ushujaa. Nimesukumwa.

Sijui kama udongo uliuchagua kwa moyo au ulipangiwa tu. Sijakuuliza, na hilo nalo ni kosa langu. Tumekaa nyumba moja miezi hii yote tukipishana kama wapangaji. Ila nakumbuka ulivyokuwa kidato cha tatu, ulijaza udongo wa shamba la chini kwenye chupa ya maji, ukautikisa, ukakaa kuutazama ukituama tabaka kwa tabaka, na mama yako akikuita kula ukasema, "Bado unashuka." Mtu aliyelazimishwa hakai hivyo. Kama nimekosea, niambie.

Chuoni utakuta mengi ambayo sisi hatukuwa nayo, matokeo mnayaona kwenye simu, barua hazipandi basi. Lakini milango yenye saa za kuonana na wanafunzi bado ipo, nina hakika. Igonge. Gonga hata kama swali lako ni la kijinga. Ukipata sapu, nipigie siku hiyo hiyo, kabla hujala. Ukiitwa mbele ya semina na magoti yakigoma, nenda na magoti yaliyogoma. Mimi nilidhani aibu inaisha mtu akijificha. Nimejificha miaka zaidi ya ishirini, na bado nikisikia kiti kikiburutwa natafuta mlango ulipo.

Ninachokiogopa ni kwamba unapanda basi kesho ukiwa tayari na kitu cha kuficha. Utarudi Krismasi, Bibi atakuonyesha mguu. Utamtazama ukijua hujui. Mwaka wa pili utatafuta sababu ya kutorudi. Na yeye atakaa pale chini ya picha yangu, anakungoja, kidonda kinapanda. Mimi uongo wangu ulinila mimi. Wako utamla yeye, na sijui kama atafikisha hiyo miaka mitano.

Sikiliza sasa nitakachofanya.

Barua hii nitakupa leo kabla hujaenda kuchota maji ya jioni, ili uwe na muda nayo. Kesho saa kumi na mbili asubuhi jumuiya watafika, watasali, wataimba, na Bibi ataomba aseme neno kama kawaida yake. Kabla hajaanza nitasimama mimi. Nitaishusha ile picha ukutani, nitaiweka mapajani mwake, na nitasema mbele ya wote joho lile ni la nani na Jumapili ile Nemba nilipaswa kuwa wapi. Nimefanya mazoezi hapa darasani, nimesimama ubaoni natazama madawati matupu. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Mara ya pili ilitoka, ikakatika kwenye neno misa. Mara ya tatu nilifika mwisho. Nimepima kwa saa. Ni dakika kumi, zile zile walizokuwa wananidai.

Anaweza kunifukuza. Anaweza kulia, na hilo ndilo linanitisha. Anaweza pia kuninyamazia mpaka anazikwa, unamjua. Yote hayo ni yangu, usiyachukue.

Habari yako sitaisema. Sitaigusa, hata kwa kidokezo, hata mama mwenye steshenari akiwa amekaa mstari wa mbele, na atakuwepo. Ni mdomo wako na ni Bibi yako. Lakini gari nililokodi kukupeleka stendi ya Nyakanazi nimemwambia dereva alifanye la safari mbili. Akishakushusha, arudi kumchukua Bibi kwenda Rulenge. Karatasi ya rufaa nimeitoa ndani ya Biblia asubuhi ya leo, alipokuwa ameinama kufunga kitambaa cha mguu. Iko hapa kwenye mfuko wa shati langu. Nikiwa peke yangu hatakubali kupanda, maana nani atamwamini mwongo wa picha? Atapanda kama akijua hana daktari wa kumngoja.

Kwa hiyo nikimaliza kusema sitakaa mara moja. Nitabaki nimesimama kidogo, kimya, kama mtu anayetafuta neno. Watu watadhani nimekwama, na Bibi atasema nimezoea. Ule ukimya sijakwama, Leokadia. Nimekushikia nafasi.

Mimi baba yako, mwalimu wa cheti,
Deogratias